Mwalimu wa Ndoa Atafuta Barua ya Mzazi

Mwaka jana, akiwa na miaka sitini na nane, mwalimu wetu wa ndoa alitaka kuoa. Mchumba alikuwepo, nyumba ilikuwepo, afya ilikuwepo isipokuwa goti la kushoto. Kilichokosekana ni barua ya mzazi. Na aliyeandika kwamba hakuna anayeoa katika usharika wetu bila barua ya mzazi ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa wino mwekundu. Nilicheka siku mbili. Siku ya tatu nikaona kwamba mwenzangu hatanii hata kidogo, na kwamba asipoipata hiyo barua atazeeka peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne pale kilimani, nje kidogo ya Iringa mjini. Nikaacha kucheka, ingawa si kabisa.

Nimemjua kwa miaka ishirini na mbili, kwanza nikiwa mwanafunzi wake, tena mwanafunzi aliyefeli, halafu nikiwa katibu wake. Mimi ni mshonaji. Magauni mengi ya harusi ya upande wetu yamepita kwenye cherehani yangu, kwa hiyo aliona inafaa darasa la ndoa liwe na katibu ambaye tayari anajua vipimo vya watu. Alisema hivyo bila kutabasamu. Sijawahi kumsikia akitania kwa makusudi.

Darasa lilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye chumba cha nyuma ya kanisa wanachotumia watoto wa shule ya Jumapili. Madawati ni ya watoto, wachumba wanakaa magoti yamefika kidevuni. Yeye anaingia na koti la kaki, shingoni skafu aliyofumiwa na mke wake, mkononi chaki mbili, nyeupe na nyekundu. Hasalimii kwanza. Anaandika ubaoni maneno manne ya Kigiriki, maana kwake yeye Mswahili alipewa neno moja tu la upendo na ndiyo sababu ndoa zinavunjika. Kigiriki alikipata chuo cha Biblia, muhula mmoja na nusu, kabla mkufunzi hajahamishwa. Kwa muhula huo mmoja na nusu ametutawala miaka thelathini.

Agape anaiandika kwa chaki nyeupe: upendo wa Mungu, usiodai kitu. Filia, nyeupe tena: upendo wa marafiki. Storge, nyeupe: upendo wa mazoea ya nyumbani, wa mama na mtoto, wa mzee na kiti chake. Halafu anashika chaki nyekundu, anainama, na chini kabisa ya ubao anaandika kwa herufi ndogo: erosi. Kabla hatujamaliza kulisoma anageuka na kulisimamia mbele. Saa nzima anasimama pale pale kulifunika. Matokeo yake neno lilikuwa linajichapa kwenye koti, chini ya kiuno, na kila aliyemwona mjini Jumamosi mchana akiwa na wekundu nyuma ya koti alijua katoka kufundisha. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi nilikuwa na brashi nyumbani na sikuthubutu.

Erosi, alitufundisha, ni njaa iliyovaa tai. Inakuja imechana nywele, inaitika shikamoo ya kila mtoto njiani, inambebea mama mkwe maji, lakini ukiivua tai unakuta njaa tupu. Msichana mmoja aliuliza kama njaa ni dhambi. Akajibiwa kwamba njaa si dhambi, dhambi ni kula kabla ya kunawa. Hatukuelewa, tukaandika. Kijana mwingine akauliza kama mtu anaweza kuoa bila hiyo erosi kabisa. Mwalimu akafikiri, akasema inaruhusiwa kuwepo kidogo, kama chumvi, lakini chumvi inawekwa na mpishi, haijiingizi sufuriani yenyewe.

Mtihani wa mwisho haukuwa wa kuandika, ulikuwa wa kulima. Wachumba wote walipelekwa shambani kwake, kila wawili jembe moja na tuta moja la viazi mviringo, hatua hamsini. Yeye anakaa kwenye kigoda, daftari gotini. Alisema maneno yanadanganya lakini tuta halijui kudanganya. Wakigombana kwamba tuta limepinda, hao wana agape, kwa sababu wanaitaka kazi iliyo njema. Wakilima kimya kama watu wasiojuana, hiyo ni storge, wameshazoeana, wafungishwe ndoa upesi. Wakipokezana jembe na kupiga soga, filia. Lakini wakitazamana, wakacheka, jembe likasimama, hapo anapiga mstari. Erosi. Warudi baada ya wiki mbili, kwenye tuta lingine.

Watu wa nje walituuliza kama hatuoni kwamba huyu mzee hajawahi kuajiri kibarua. Tuliona. Viazi vyake vilikuwa vya kwanza kufika sokoni, na matuta yake yalinyooka kuliko ya bwana shamba, maana wale wenye agape walirudi kuyarekebisha hata bila kuitwa. Lakini siamini kwamba ilikuwa hila. Aliamini jambo lake kwa moyo wote. Mtu mwenye hila angalau angetuletea chai.

Mimi na mume wangu tulifeli. Mume wangu aliteleza akakalia debe la mbegu, nami nikacheka mpaka nikakaa kwenye udongo. Tukaandikiwa "erosi imezidi". Tukarudia, tukacheka tena kwa kukumbuka. Mara ya tatu tulikuwa tumenuniana tangu asubuhi kwa sababu ya rangi ya suti, tukalima bila kutazamana, tukapata alama za juu kuliko wote. Mpaka leo siku tukigombana namwambia mume wangu kwamba leo tumefaulu.

Sasa, mtu huyu aliyeipiga vita erosi miaka yote, mwenyewe alikuwa haeleweki. Redio ikipiga muziki wa dansi wa zamani alifumba macho na kuongeza sauti, ukiingia anapunguza na kusema anasubiri taarifa ya habari. Taarifa ya habari ilishaisha nusu saa nyuma. Alifundisha kwamba mlevi haoi, lakini mvua zikianza na ulanzi mtamu ukaanza kushuka kutoka kwenye mianzi, alikunywa lita nzima kwa pumzi mbili, akisema hiyo ni juisi na aliyeichanganya ni Mungu. Kesho yake ulanzi umechacha, unapanda kichwani, na yeye bado anasema ni juisi ile ile, imekomaa.

Na mke wake je? Hatukuwahi kumsikia akimwambia neno tamu. Alimwita "mama wa nyumba" kama anayetaja cheo. Lakini mimi nilikuwa napeleka madaftari asubuhi na mapema, na mwezi wa sita, baridi ya kwetu ile inayokata masikio, nilimkuta mara nyingi amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anazipasha joto ndala za mkewe, anazigeuza mbele na nyuma kama anachoma mahindi. Siku moja nikamuuliza, katika yale maneno manne, hilo ni lipi. Akasema hilo si neno, hiyo ni Juni.

Alipofiwa, Jumamosi iliyofuata alikuja kufundisha kama kawaida. Aliandika maneno matatu, akaweka chaki chini, akakaa. Nilidhani amesahau la nne. Wachumba walinitazama mimi, mimi nikatazama dirishani. Hatukumkumbusha, na siku hiyo koti lake lilirudi nyumbani safi.

Kanuni za darasa alizitunga yeye, kanuni kumi na moja, zikapitishwa na baraza la wazee bila kusomwa. Kanuni ya nne ndiyo ya barua. Kila anayetaka kuoa alete barua ya mzazi wake, au ndugu aliye katika nafasi ya mzazi, na huyo mwandishi awe mshirika hai, asiyetengwa na meza ya Bwana. Mwisho wa kanuni pana maneno haya: hakuna atakayesamehewa kwa sababu ya umri, cheo wala ujane. Hayo aliyaongeza kwa ajili ya mtu mmoja. Bwana shamba wetu mstaafu alikuja kutaka kuoa tena akiwa na miaka sitini, akasema wazazi wake walishafariki na yeye mwenyewe ana wajukuu. Mwalimu akamwambia upendo wa kweli unaomba ruhusa. Mzee wa watu alizunguka wiki nzima mpaka akampata shangazi yake wa miaka tisini, ambaye alitia dole gumba akidhani anaandikishwa kupiga kura. Tulicheka sana. Bwana shamba hakucheka, na leo hii ni mwenyekiti wa baraza la wazee.

Mambo yalianza kumgeuka Mwalimu siku aliyoletwa mchungaji kijana, aliyesoma lugha hizo za kale kwa miaka. Alikuja darasani kusalimia. Mwalimu akasogea kumpa mkono, na neno likaonekana. Mchungaji akalisoma, akatabasamu, akaanza kueleza kwa upole, akidhani anamfurahisha mwenzake katika Kigiriki. Alisema neno hilo ni zito kuliko linavyodhaniwa. Katika mashairi ya kale ya Wagiriki, watu wakishakula na kunywa husemwa wameishibisha hamu yao, na hamu hiyo inaitwa kwa neno hilo hilo. Kuna raia waliohimizwa wawe na hamu hiyo kwa mji wao. Na wengine walisema ni kule kukitaka kitu usichonacho. Kisha akaongeza, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba katika Agano Jipya lote neno hilo halimo.

"Hata mara moja?" Mwalimu akauliza.

"Hata mara moja, Mwalimu."

Wachumba walipoondoka alibaki amekaa kwenye dawati la mtoto. Akaniambia, Katibu, miaka thelathini nimepigana na neno ambalo halimo. Nikamwambia labda ndiyo maana halijawahi kushindwa. Hakucheka. Jumamosi iliyofuata aliandika maneno yote manne kwa chaki nyeupe, akasimama pembeni. Hayo ndiyo mageuzi makubwa niliyoyashuhudia katika usharika wetu.

Nadhani ni hapo alipofunguka, maana mwezi huo huo alitumwa Chimala kununua mchele wa wageni. Mchele mzuri kwetu unatoka Usangu, na soko lake ni Chimala. Akarudi na magunia mawili kama alivyotumwa, na habari ndefu kuhusu mpunga. Mwezi uliofuata akaenda tena, hakuna aliyemtuma. Akaenda tena. Mtu anayeishi peke yake, anayekula ugali asubuhi na jioni, akawa na magunia tisa sebuleni. Akaanza kuyagawa. Wajane walipata, kwaya ilipata, mimi nilipata madebe mawili. Usharika mzima tulikula wali mpaka watoto wakaanza kuulizia ugali, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kinachoendelea.

Alikuwa mjane wa Kisukuma. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Mrefu, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, duka lake limejaa magunia mpaka darini. Wateja wote anawaita baba au mama, lakini huyu wetu anamwita Mwalimu, na akilitamka unasikia kicheko kiko njiani. Yeye ndiye aliyemaliza mambo. Mwalimu mwenyewe alinisimulia, ameinamisha kichwa kama mtuhumiwa. Alikuwa anaagiza gunia la kumi. Mama akaweka kopo la kupimia chini, akamwambia kwamba mchele huo yeye Mwalimu haula, macho yake yanaonyesha haula, basi aseme anachokitaka, kwa sababu yeye mama ana wateja. Mwalimu akasema anachokitaka ni yeye. Akasema maneno hayo, kisha akabeba gunia.

Mama akakubali. Sharti lake moja lilikuwa wasichelewe, maana wote wawili hawana umri wa kuchelewa. Alikuwa tayari hata kwa ndoa ya bomani, kesho yake. Mwalimu akakataa. Akaniuliza, nikienda bomani, nitawaambia nini wale wote niliowarudisha shambani? Kwa hiyo akaleta maombi kwenye meza yangu kama mchumba mwingine yeyote, na mimi nikayapeleka barazani.

Sijaona wazee wa kanisa wakifurahi kiasi kile tangu tuezeke bati. Mwenyekiti, bwana shamba wetu, alivaa miwani, akaomba kitabu cha kanuni, akasoma ya nne taratibu, mpaka nukta. Umri, cheo wala ujane. Kisha akafunga kitabu akauliza barua iko wapi. Hakupandisha sauti. Alikuwa ameisubiri siku hiyo, na alistahili kuifaidi.

Wazazi wa Mwalimu walishafariki, shangazi walishafariki, wajomba hali kadhalika. Alikaa na daftari akaorodhesha ukoo mzima na kufuta. Akabaki mmoja tu wa kizazi cha baba yake: mtoto wa mwisho wa mdogo wake babu yake, ambaye kwa mila ni baba yake mdogo. Baba huyo ana miaka thelathini na minne. Anachomelea mageti Mbeya, mtaa wa Soweto. Aliponitajia jina nikaweka kalamu chini, kwa sababu huyo kijana alikuwa mwanafunzi wetu miaka kumi iliyopita, na ninalikumbuka tuta lake.

Alikuja na msichana kutoka Idodi. Walilima vizuri, walicheka kidogo, wangeweza kupita. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, miguu ya msichana imejaa tope mpaka magotini, na walipomaliza kijana alimkalisha kwenye jiwe pale bombani, akachuchumaa, akamwosha miguu. Kidole kimoja kimoja. Darasa zima limesimama linatazama, hakuna aliyecheka hata mmoja. Mwalimu akaniamuru niandike: erosi ya waziwazi, wasubiri miezi sita. Kijana akamkumbusha kwa heshima kwamba yeye kwake ni baba. Mwalimu akasema darasani hakuna baba, kuna mchumba. Na mimi nikaandika, kwa huu mwandiko wangu unaosifiwa.

Kumbe miezi sita kwa baba wa msichana kule Idodi ilikuwa sawa na kukataliwa. Akaanza kumtafutia binti yake mtu mwingine. Basi wale wawili wakachukuana wakaenda Mbeya, wakaishi pamoja bila ndoa, na kanisa likawatenga. Wana watoto watatu. Wote wamebatizwa wakiwa mikononi mwa watu wengine, mama yao amekaa benchi la nyuma anatazama.

Mwalimu aliniomba nimsindikize. Sikuwa na uso wa kukataa. Tulifika Soweto mchana, tukamkuta kijana katikati ya cheche, mkewe ameketi mbele ya karakana na meza ya nyanya na vitunguu. Mwalimu akavua kofia. Goti la kushoto linamuuma lakini alilikunja hivyo hivyo.

"Shikamoo, baba."

Kijana akazima mashine, akainua kinga ya uso.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Tukapewa viti, tukapewa soda. Mwalimu akaeleza shida yake, na akaieleza vibaya, akianza na kanuni. Kijana akaomba aione. Nikampa nakala. Akaisoma akiwa amesimama, kidole kinafuata mistari, kikafika kwenye mshirika hai, asiyetengwa, kikasimama hapo. Akasema yeye hana kinyongo, angependa kumsaidia mwanawe, lakini sahihi yake haifai kitu, kwa sababu yeye ni mtu aliyetengwa. Alisema bila ukali. Afadhali angefoka.

Mkewe ndiye hakuridhika na upole huo. Aliacha nyanya zake, akaja akasimama mbele ya Mwalimu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye Mwalimu kwa mila anatakiwa kumwita mama.

"Huyo mama wa Chimala," akasema, "unampenda?"

Mwalimu akakohoa. Akasema kuna upendo wa aina nne.

"Sijauliza aina."

Niliona mikono ya Mwalimu inatafuta chaki mfukoni.

"Nampenda," akasema. "Nisipomsikia siku tatu nazunguka ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza funguo, na funguo ziko mfukoni."

"Basi na sisi tulikuwa hivyo," yule mama akasema. "Hivyo hivyo. Ukatuandika."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema kwamba aliyeandika ni mimi. Akanigeukia, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akasema, "Nakukumbuka, dada. Una mwandiko mzuri." Sijawahi kutukanwa vibaya kama siku hiyo, na nililistahili kila neno.

Mwalimu alilia. Hakulia kwa sauti, machozi yalishuka tu kwenye mashavu, na hakuyafuta. Akamwambia, mama, nilikukosea, na sikujua nilichokuwa nakifanya, nilidhani najua. Yule mama hakumwambia amesamehe. Alimwongezea soda.

Jumapili iliyofuata Mwalimu aliomba nafasi barazani. Alisema kwamba miaka kumi iliyopita aliwazuia watu wawili waliopendana, kwa sababu walipendana waziwazi, na kosa lilikuwa lake, si lao. Akaomba warudishwe kundini na ndoa yao ibarikiwe. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo. Je, anawaombea hawa kwa ajili yao, au kwa ajili ya barua yake? Na kabla hajajibiwa akafunua ukurasa wa nyuma, kwenye maelezo ya kanuni, mwandiko wa Mwalimu mwenyewe: aliyerudi kundini, sahihi yake isubiri mwaka mmoja.

Mwalimu alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuandika hilo. Akinyamaza, watu wa Soweto wanabaki walivyo na yeye anaweza bado kutafuta njia nyingine, labda mzee fulani wa ukoo wa mbali, kule ambako hakuna anayemjua. Akishikilia ombi lake, hao ndio wanabaki wazazi wa kumwandikia, mwaka unaanza kuhesabiwa siku hiyo, na mwaka kwa mtu wa umri ule si kitu cha kupewa na baraza.

"Barua yangu iwekeni pembeni," akasema. "Wapokeeni wao kwanza. Mimi nitasubiri."

Wakapokelewa. Nilimshonea yule mama wa Soweto gauni, rangi ya maziwa, na sikuweka mzaha wowote kwenye mishono. Walisimama mbele na watoto wao watatu, na Mwalimu amekaa benchi la familia, upande wa watoto. Mama wa Chimala alikuja na gunia lake la mchele, akaimba kuliko kwaya. Mwisho wa ibada yule mama wa Soweto alinikabidhi bahasha. Ndani palikuwa na mistari mitatu, mwandiko wake yeye, sahihi zao wote wawili: mtoto wetu ametueleza nia yake, tumemuuliza, anampenda huyo mama, tunaomba mumwozeshe. Tarehe wameiacha wazi. Barua hiyo iko kwangu, kwenye droo ya cherehani, chini ya mikasi, na kila nikifungua droo naisoma.

Mwezi uliopita nilikwenda Chimala mwenyewe, nina harusi mbili za kuhudumia. Nikamkuta Mwalimu amekaa kwenye gunia ndani ya lile duka, skafu shingoni ingawa kule kuna joto, anachambua mawe kwenye ungo. Amekonda. Ile miezi ya baridi alilazwa wiki mbili kwa kifua, na daktari alimwambia mambo ambayo hakutaka kuniambia mimi. Palikuwa na wateja wawili, mmoja anapimiwa. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Nikamwambia imebaki miezi minne. Akasema anajua, miezi minne na siku sita.

Mama aliendelea kupima bila kugeuka.

"Mwalimu," akasema, "na ukinifia kabla ya huo mwaka kuisha?"

Mimi ningemkanya asitaje mauti. Mwalimu aliinua uso kutoka kwenye ungo, akamtazama mgongoni, na akajibu kwa sauti aliyokuwa akiitumia kufundishia, ile inayofika dawati la mwisho.

"Nitakufa nakutaka."

Wateja wakaangalia chini. Kopo lilikuwa hewani, limejaa, na mama akabaki amelishika hivyo, mchele unamwagika pole pole pembeni.

"Basi usife," akasema, akaendelea kupima.